Kushuka Basi la Usiku Kampala na Kutembea Mchana Kutwa

Salamu ya asubuhi ya Waganda ni "Wasuze otya?" Maana yake: umelalaje? Mara ya kwanza kuulizwa hivyo nilikuwa nimesimama mbele ya mama muuza chai katikati ya Kampala, nimetoka Nairobi jioni iliyotangulia, na sikuwa nimepata hata lepe la usingizi. Tulikuwa marafiki watano. Mkononi tulikuwa na orodha ya mahali tisa pa kwenda kabla jua halijazama. Tulifika pawili tu. Simu ya mwenzetu mmoja iliporwa, na wawili kati yetu hawakusemezana mpaka basi la kurudi lilipofika Nakuru.

Nimerudi Kampala mara nne tangu siku ile, kila mara kwa basi la usiku na kila mara na marafiki, kwa sababu nauli ya ndege hatuna na likizo zetu ni fupi. Mwongozo huu umetoka kwenye safari hizo. Msingi wake ni huu: siku ya kwanza ipangwe kwa kufuata mwili, si kwa kufuata ramani. Mtu ambaye hajalala huwa na nguvu ya kuazima asubuhi, huzama mchana, kisha hupata upepo mdogo jioni. Ukilijua hilo mapema, mji mzima unakuwa rahisi.

Kabla ya kuondoka

Kutoka Nairobi hadi Kampala ni mwendo wa saa 12 hadi 14, na foleni ya mpakani inaweza kuongeza. Chukua basi linaloondoka saa moja au saa mbili usiku ili mfike kumekucha. Basi la mapema zaidi linaweza kuwashusha gizani, na kushuka gizani mkiwa na mizigo katika mji msioujua ni jambo la kuepuka. Isomeni tiketi kwa makini: saa zimeandikwa Kizungu, kwa hiyo 20:00 ni saa mbili usiku. Waganda wenyewe huhesabu saa kama sisi, ssaawa bbiri ni saa mbili, basi mkiahidiana na mtu kwa mdomo hamtapotezana.

Karatasi: Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamekuwa wakivuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mtanzania abebe pasipoti. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni ya lazima kwa wote, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, maana kadi huanza kuhesabika baada ya siku hizo. Pigeni picha karatasi zote na kila mmoja awe na picha za wenzake. Saa tisa usiku mtu hukisahau kitambulisho chake mfukoni mwa kiti, na picha humsaidia kujieleza.

Kisha kaeni chini, mchague mahali patatu tu. Patatu, na msizidishe. Najua inauma kusafiri mbali hivyo halafu uache jumba la makumbusho, lakini siku ya pili ipo. Mkishachagua, gawaneni kazi tatu. Mmoja ashike pesa za kikundi, mmoja ajue njia, na mmoja awe wa kuhesabu watu kila mnapopanda na kushuka. Kazi hii ya tatu inaonekana ya kitoto mpaka siku mtakapomwacha mwenzenu msalani. Msibadilishane kazi katikati ya siku. Akili iliyochoka haikumbuki nani alikabidhiwa nini.

Ndani ya basi

Laleni mapema. Wengi hufanya kinyume: hupiga soga mpaka Nakuru, hushuka kula chipsi, hutazama video mpaka Kericho, na wanapoanza kusinzia mpaka wa Busia ndio huo umefika na taa zinawashwa. Kuleni nyumbani, vaeni sweta, jifunikeni leso hadi usoni, simu izimwe basi likitoka tu mjini. Saa nne za usingizi mbovu kabla ya Busia zina thamani kuliko chochote mtakachofanya baadaye. Kiti cha dirishani ni cha yule mwenye usingizi mzito kwa sababu ana pa kuegemea kichwa. Yule ambaye hawezi kulala safarini, na kila kikundi kina mmoja, akae upande wa njia na awe mlinzi wa mizigo.

Mpakani

Busia mtashushwa nyote. Tangu 2018 maofisa wa nchi zote mbili wamekuwa wakifanya kazi chini ya paa moja, kwa hiyo mnagongewa kutoka na kuingia katika jengo lilelile. Bado kuna foleni, bado kuna baridi, na bado kuna mtu nyuma yako anayekusukuma na begi. Simameni pamoja. Mhesabu watu afanye kazi yake hapa mara mbili: mkiingia kwenye jengo na mkirudi kwenye basi. Jueni namba ya basi lenu, maana yatakuwa mengi ya rangi zinazofanana. Mkipewa kikaratasi chochote cha kuingilia, kipigwe picha palepale.

(Ukiwa umesimama hapo, kumbuka kwamba uko kwenye kitovu cha neno bodaboda. Lilizaliwa Busia, kwa vijana waliovusha watu kwa baiskeli kati ya vituo viwili vya mpaka huku wakiita "boda, boda".)

Wabadilisha pesa watawafuata na mabunda mkononi. Shilingi moja ya Kenya hupata zaidi ya 25 za Uganda, hivyo ghafla mtakuwa mnahesabu maelfu kwa makumi, na kichwa kisicholala hakioni sifuri. Noti ya 5,000 na ya 50,000 ni rahisi kuchanganya gizani. Badilisheni pesa kidogo tu, za chai na usafiri wa kwanza. Zilizobaki mkazibadilishe mjini, katika duka la fedha lenye kibao cha bei ukutani na risiti mkononi. Na mshika pesa asihesabu peke yake, mtu wa pili asimame naye.

Mkirudi kwenye basi, laleni tena. Mtapita Jinja na kuvuka Mto Nile pengine bila kujua. Baadaye, mkishaupita msitu wa Mabira, basi likisimama Namawojjolo wachuuzi watajaa madirishani na mishikaki, kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma. Nunueni gonja. Hujaza tumbo polepole na haiwalazi.

Mkifika: maji kwanza

Hatua hii ndiyo tuliyoiruka safari ya kwanza na ndiyo iliyotuharibia siku. Msianze kutembea na mabegi. Tafuteni gesti karibu na katikati ya mji mlipe siku nzima, hata kama chumba cha wote hakijawa tayari. Ombeni chumba kimoja tu cha kuogea na kuweka mizigo. Wenye gesti wengi wamewazoea abiria wa basi la usiku na wataelewa mkieleza kwa adabu.

Adabu hiyo huanza na salamu. Msiingie na bei mdomoni. Semeni "Wasuze otya, nnyabo" kwa mwanamke, "ssebo" kwa mwanamume, msubiri jibu, mjibu na nyinyi "Bulungi" hata kama hamkulala. Baada ya hapo mnaweza kuuliza kama anajua Kiswahili. Wengi wanajua zaidi ya wanavyokubali. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba iliporekebishwa 2005, lakini kuna wazee ambao walikisikia kwanza kutoka kwa askari, wakiwemo wa miaka ya Idi Amin, na kumbukumbu hiyo haijafutika. Mtu wa pwani au wa Nairobi anayefungua mdomo kwa Kiswahili cha kuamuru hajui anaamsha nini. Salamu mbili za Kiganda hubadilisha uso wa mwenyeji papo hapo. Nimeona hivyo kila safari.

Ogeni kwa maji ya baridi kama mnaweza, mbadilishe nguo, mpige mswaki. Kisha kifungua kinywa cha maana: katogo, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na matumbo au maharagwe katika sufuria moja. Mtu mmoja asimalize sahani kubwa. Kuleni nusu, mnywe maji mengi, na kahawa kikombe kimoja. Uganda hulima robusta kwa wingi, na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo usiidharau kwa sababu kikombe ni kidogo.

Msijilaze kitandani asubuhi hii. "Dakika tano tu" ya saa tatu asubuhi huisha saa nane mchana.

Asubuhi: pandeni juu

Kazi ngumu ya miguu ifanywe sasa, wakati mwanga wa asubuhi unaudanganya mwili kwamba usiku ulikwisha kwa kawaida. Mahali pa kwanza ninapopapendekeza kwa moyo wote ni Msikiti wa Taifa, juu ya kilima cha Old Kampala. Hapo ndipo Mwingereza Frederick Lugard alipojenga ngome yake 1890, na jina la mji kukua kutoka hapo. Msikiti wenyewe ulianza kama ndoto ya wakati wa Amin, ukalala miaka mingi, ukamalizwa kwa fedha za Muammar Gaddafi wa Libya, ndiyo maana wengi wangali wanauita msikiti wa Gaddafi. Wageni wa dini zote hukaribishwa kwa kiingilio, na mtembezaji huwapeleka. Wanawake wajifunike vizuri. Kama huna nguo ndefu watakupa ya kujitanda, lakini leso uliyojifunikia kwenye basi inatosha kabisa. Siku ya Ijumaa nendeni mapema, mchana ni wa swala.

Mnara una ngazi zaidi ya 250 zinazozunguka. Pandeni polepole, mapumziko mawili, aliyechoka kuliko wote atangulie ili yeye ndiye aamue mwendo. Juu kabisa, Kampala inajieleza yenyewe. Mtembezaji atawaonyesha vilima kimoja kimoja: Namirembe na kanisa kuu lake la Kianglikana la matofali mekundu, Rubaga na kanisa kuu la Kikatoliki, Kibuli na msikiti wake, Mengo ya Kabaka (mfalme wa Buganda), Nakasero, Makerere. Husemwa mji ulijengwa juu ya vilima saba, na kutoka hapa unaelewa kwa nini kila dini na kila utawala ulitaka kilima chake. Kaeni huko juu dakika 20. Upepo upo, mwanga upo, na hakuna anayeweza kuwauzia kitu.

Pa pili pawe Kasubi, kabla ya adhuhuri. Naweka msisitizo kwenye saa kwa sababu ya heshima. Kasubi ni makaburi. Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga kasri hapo 1882, akazikwa humo 1884, na baada yake wakalazwa hapo Mwanga, Daudi Chwa na Edward Muteesa wa Pili. Nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea kwa moto usiku wa 16 Machi 2010. Watu walilia barabarani. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kuijenga upya kwa ufundi wa kale, nyasi kwa nyasi, na 2023 UNESCO ikaliondoa eneo hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Darini kuna pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda.

Mtu hawezi kusimuliwa mambo haya huku kichwa kinadondoka. Tulimpeleka mwenzetu Kasubi saa tisa mchana katika safari ya pili, akasinzia ameketi mbele ya mzee aliyekuwa akitueleza. Mzee hakusema neno, alinyamaza tu mpaka tukaona aibu wote. Basi nendeni mkiwa macho. Wanawake wavae sketi ndefu au wafunge leso, viatu vivuliwe mnapoambiwa, na mkiketi mkekani msinyooshe miguu mbele ya wenyeji.

Usafiri, hasa pikipiki

Hapa sitapunguza ukali. Aliyeamka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kushuka basi Kampala siku ya pili ana saa 24 au zaidi tangu alipotoka kitandani. Wachunguzi wa usingizi wamepima: baada ya saa 17 za kukaa macho, mtu huitikia mambo polepole kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, na baada ya saa 24 anafanana na mwenye asilimia 0.10, kiwango ambacho kingemnyima haki ya kuendesha gari Kenya na Uganda. Usingizi wenu wa kwenye basi unapunguza deni hilo, haulilipi. Kwa hiyo bodaboda siku hii, hapana. Kusinzia nyuma ya pikipiki hakuna onyo. Mikono hulegea kwanza. Mimi nilishtuliwa na dereva mwenyewe kwenye mteremko wa Wandegeya, alihisi kichwa changu kimegusa mgongo wake. Nilishuka hapohapo, nikatembea.

Mkiwa wanne au watano, gari moja la kukodi mkichanga si ghali, na mnakuwa pamoja. Matatu za huku zinaitwa takisi, nazo ni sawa, ila epukeni stendi zake kuu, Old Taxi Park na New Taxi Park, saa za mchana siku hii ya kwanza. Ni hapo simu ya mwenzetu ilipoporwa. Alikuwa ameishika mkononi akitafuta njia, macho mazito, na mkono uliomnyang'anya ulikuwa umeshatokomea kabla hajaelewa kwamba kiganja chake ni kitupu. Kwa sababu hiyohiyo soko la Owino lisubiri kesho. Soko lile linataka mtu mwenye macho manne.

Mchana: laleni, kwa kipimo

Chakula cha mchana kiwe kidogo. Nawaelewa mtakaoona luwombo, kuku au karanga zilizopikwa ndani ya jani la mgomba, mkataka pamoja na mlima wa matoke. Kuleni luwombo, punguzeni mlima. Kati ya saa nane na saa kumi mchana mwili hushuka hata kwa aliyelala vizuri, ukiongeza wanga mwingi umejimaliza.

Kisha rudini gesti. Ndiyo, mkiwa safarini, katikati ya mchana, rudini mkalale. Chagueni moja kati ya mawili: dakika 20 au dakika 90. Usingizi wa dakika 20 humwamsha mtu kabla hajazama. Wa dakika 90 humpitisha mzunguko mzima na kumrudisha juu. Ukiamshwa katikati, dakika 45 au 50, unaamka na kichwa kizito na hasira zisizo na mwenyewe. Kwa kikundi napendekeza 20, kwa sababu 90 hugeuka usiku. Kuna ufundi mmoja: kunyweni kahawa halafu mlale mara moja. Kafeini huchukua karibu nusu saa kuanza kazi, kwa hiyo inawakuta mnaamka. Hiyo ndiyo iwe kahawa ya mwisho, maana nusu yake bado itakuwa mwilini saa tano baadaye. Wekeni kengele mbili, katika simu mbili, upande wa pili wa chumba.

Mkianza kununiana

Itatokea, kwa kawaida baada ya saa tisa. Mmoja atasema foleni hii ni kosa la fulani, mwingine atakumbusha deni la Januari. Usingizi ukipungua, hasira hupanda na huruma hushuka, na rafiki mwema huonekana adui. Sisi tuna makubaliano matatu. Baada ya saa tisa hakuna kubadilisha mpango. Baada ya saa tisa hakuna mazungumzo ya pesa, mshika pesa anaandika na hesabu hufanywa kesho. Na yeyote akisema neno la Kiganda "nkooye", nimechoka, wote wanasimama, wanakaa mahali penye kivuli, wanakunywa maji, hakuna kumuuliza kwa nini. Neno hilo limeokoa urafiki wangu na watu wawili ninaowapenda sana. Ni wale wale waliokaa kimya mpaka Nakuru.

Jioni

Mahali pa tatu pawe patulivu. Chaguo langu ni Hekalu la dini ya Kibaha'i kwenye kilima cha Kikaaya, kaskazini mwa mji, lililofunguliwa 1961. Ni la kwanza la aina yake Afrika. Lina pande tisa, kuba kubwa la kijani, na bustani pana zenye nyasi na miti mizee. Hakuna kiingilio, hakuna mahubiri. Ndani ni kimya kabisa, nje mnakaa nyasini mkitazama mji mliokuwa ndani yake asubuhi. Fikeni kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu ya foleni za jioni na kwa sababu linafungwa.

Mkirudi mjini giza likiingia, inueni macho: miti mingine ya barabarani imejaa korongo marabu, ndege wakubwa wenye vichwa vya upara, Waganda wanawaita kaloli. Usisimame chini yao.

Chakula cha jioni ni roleksi, mayai yaliyokaangwa na nyanya na kitunguu na kukunjwa ndani ya chapati moto, barabarani Wandegeya, mkiwa mmesimama. Kula, lipa, nenda kalale. Saa tatu usiku taa zizimwe. Kutakuwa na mmoja atakayetaka kwenda Kabalagala kusikia muziki kwa sababu ule upepo mdogo wa jioni umemfikia. Mwambieni kesho.

Kabla ya kulala, kateni tiketi za kurudi, na ziwe za basi la asubuhi. Mkipita mchana mtauona mto mliouvuka mmelala, kwenye daraja jipya la Jinja la nyaya, mita 525, lililofunguliwa 2018.